Sura ya 6: Geuza Nyuma

Swali huja kila ninapoitoa ile karatasi kwenye jalada lake. Wageni wanaisogelea, wanasifu rangi, halafu mmoja anauliza: "Si umesema ni picha ya chapa? Basi zilitolewa nyingi. Hii ni ya asili au ni kopi?" Safari moja shemeji yangu aliongeza la kwake: "Na kama ni kopi, ulilipia nini?"

Wana haki ya kuuliza. Hapa Bujumbura kibanda cha fotokopi hakikosi karibu na ofisi, na sote tunajua kopi haina nguvu mpaka igongwe muhuri. Picha ya mkono ni moja, nyingine zote ni vivuli vyake. Kwa kipimo hicho karatasi yangu haina pa kusimama, maana wenzake walitoka kwenye mbao zile zile kwa mamia, pengine kwa maelfu.

Yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyotarajia, kama sentimita 24 kwa 35. Inaonyesha mwigizaji wa kabuki, yaani tamthilia ya Kijapani ya nyimbo, ngoma na mavazi makubwa, ambayo kwa karne nyingi imechezwa na wanaume peke yao, hata nafasi za kike. Mwigizaji wangu amekaza macho mpaka yamekuwa makengeza, mdomo ameukunja, na bega moja limeinuka kama la mtu anayetaka kugombana. Niliinunua kwa yuro 60 kwenye gulio la vitu vya zamani jijini Brussels, nilipokwenda kumtembelea dada yangu. Ilikuwa imechomekwa katikati ya ramani kuukuu na kadi za posta za Kongo. Sikujua lolote wakati huo. Niliyapenda yale macho, basi.

Mchoro unaokufa mezani

Picha za aina hii Wajapani huziita ukiyo-e. Ukiyo ni dunia inayoelea, yaani dunia ya starehe za mjini zipitazo upesi: maigizo, mieleka, warembo, safari. E ni picha. Zilishamiri katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Za mwanzo, katika karne ya 17, zilikuwa za wino mweusi tu, na aliyetaka rangi alizitia kwa brashi. Kufikia mwaka 1765 wachapaji walikuwa wamejua kutoa rangi nyingi moja kwa moja kutoka kwenye mbao, na mchoraji anayetajwa zaidi katika hatua hiyo ni Suzuki Harunobu.

Jina linaloandikwa kwenye picha ni la mchoraji, lakini kazi ilikuwa ya watu wanne. Wa kwanza ni mchapishaji, mwenye mtaji na duka. Yeye ndiye aliyejua mji unataka nini mwezi huo, na ndiye aliyewaagiza wengine. Wa pili ni mchoraji. Huyu alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba sana, akampa mchongaji.

Hapa ndipo swali la shemeji yangu linapopata jibu, kwa hiyo tuende polepole. Mchongaji alichukua ule mchoro akaubandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, mti mgumu wenye nyuzi zilizoshikana. Aliisugua karatasi mpaka ikabaki utando tu, mistari ikionekana kwa upande wa pili. Kisha akaanza kuchonga, akipita na kisu pembeni mwa kila mstari, unywele kwa unywele, akiondoa mbao na karatasi pamoja. Alipomaliza, mistari ilikuwa imesimama juu ya ubao kama mishipa kwenye jani. Na mchoro wa mkono? Ulikwisha kuwa takataka chini ya meza.

Kwa hiyo hakuna picha ya kwanza iliyofungiwa mahali, ambayo nyingine zote ni kopi zake. Iliyokuwapo ilikufa ili mbao zizaliwe. Karatasi zilizotoka kwenye mbao hizo wakati huo ndizo asili yenyewe, zote. Ukiniuliza yangu ni ya asili, nitakujibu ndiyo, na mamia ya wenzake vilevile.

Baada ya ubao wa mistari, mchongaji alichonga mbao nyingine, moja kwa kila rangi au karibu hivyo. Ndipo akaja mtu wa nne, mchapaji. Alipaka rangi ubaoni kwa brashi pamoja na uji wa wanga wa mchele, akalaza karatasi yenye unyevu juu yake, akaisugua mgongoni kwa kitu cha duara kiitwacho baren, kilichofunikwa ganda la mwanzi. Mashine haikuwapo, uzito ulitoka begani mwake. Rangi ya pili ilihitaji karatasi hiyo hiyo irudi mahali pale pale, isisogee hata kwa upana wa uzi. Kwa hilo kila ubao ulichongwa alama mbili, moja ya kona na moja ya mstari, zinazoitwa kento, ambamo karatasi ilikalishwa kama mlango kwenye fremu yake. Picha yenye rangi kumi ilikalishwa hivyo mara kumi au zaidi.

Na karatasi iliyavumilia yote hayo kwa sababu haikutengenezwa kwa majani wala kwa unga wa mbao. Ilitoka kwenye gamba la ndani la kozo, mti wa jamii ya mforsadi. Aliyewahi kushika impuzu, ile nguo ya gamba la mti waliyovaa babu zetu, ataelewa mara moja: gamba lililopondwa huacha nyuzi ndefu, na nyuzi ndefu haziraruki ovyo.

Bei ya bakuli la tambi

Wakati zinatoka, picha hizi zilikuwa bidhaa za mtu wa kawaida. Moja iliuzwa karibu sawa na bakuli moja au mawili ya tambi. Watu walizibandika ukutani, wakawapa watoto, wakazichoka wakazitupa. Hiyo ni sababu moja ya ughali wake leo. Inakadiriwa kwamba ile picha mashuhuri ya Hokusai ya wimbi kubwa, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1830, ilichapwa nakala zipatazo 8,000. Mtafiti mmoja wa British Museum alipozitafuta duniani aliweza kuzithibitisha zaidi kidogo ya 100 tu. Mwezi Machi 2023 moja kati ya hizo ilinadiwa New York kwa dola milioni 2.76.

Msomaji asikate tamaa kwa bei hiyo. Kunisada, aliyechora mwigizaji wangu, alitoa maelfu ya michoro katika maisha yake ya 1786 hadi 1865, na karatasi zake bado zinapatikana kwa bei ya viatu vizuri. Sokoni jina kubwa na wingi havifanyi bei kwa njia moja.

Zilifikaje Brussels? Baada ya Japani kufungua bandari zake kwa nchi za Magharibi katika miaka ya 1850, picha zilimwagika Ulaya. Vincent van Gogh alizitundika kwenye kuta za chumba chake cha kazi mjini Antwerp mwaka 1885, akaendelea kununua Paris, na mamia ya karatasi za mkusanyo wake zipo hadi leo katika jumba la makumbusho lenye jina lake jijini Amsterdam. Ubelgiji wenyewe una maelfu: jumba la makumbusho la sanaa na historia lililo katika bustani ya Cinquantenaire lilinunua mwaka 1905 mkusanyo wa Edmond Michotte, na ni miongoni mwa hazina kubwa za picha hizi Ulaya. Ndugu zetu wengi waishio Brussels hupita kando ya bustani hiyo kwa metro kila asubuhi. Dada yangu ameishi huko miaka mingi, na siku niliyomwambia alidhani namtania.

Mama wa vitenge

Somo la kuzitambua sikulipata Brussels. Nililipata hapa Bujumbura, mtaani Buyenzi.

Nilikuwa nimefuatana na mke wangu kununua kitenge cha harusi ya ndugu yake. Mama aliyekuwa anatuuzia alitandaza vitatu. Mke wangu akauliza, "Mama, hiki ni waksi kweli?" Yule mama hakujibu kwa maneno mengi. "Geuza, mwanangu," alisema. Mke wangu akakigeuza. Nyuma kilikuwa sawa na mbele, rangi imejaa, na vile vimishipa vya nta iliyopasuka vinaonekana pande zote mbili. Akachukua cha pili, chenye maua yale yale kabisa, akakigeuza: nyuma kimepauka kama kimefuliwa mwaka mzima. Kile kilichapwa upande mmoja tu. Kisha yule mama akavuta ukingo wa kile cha kwanza, akaupitisha kidole gumba juu ya yale maandishi madogo yanayotaja waksi ya Uholanzi, akatuachia tusome.

Niliporudi nyumbani niliitoa karatasi ya Brussels, nikaigeuza kwa mara ya kwanza tangu niinunue.

Nyuma palikuwa na mwigizaji mwingine. Amepauka, ametazama upande wa pili, lakini yupo: nyeusi ya nywele imepenya, nyekundu ya vazi imepenya, na nilipoinamisha karatasi dirishani niliona mikwaruzo ya duara ya baren, mamia ya nusu-mwezi zikipandana. Nilikuwa natazama nguvu ya mkono wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita.

Picha iliyotolewa na mashine ya kisasa haina mgongo huo. Nyuma ni nyeupe. Mbele, ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, rangi zinavunjika kuwa vidoti vidogo vilivyopangwa kwa safu, kama picha ya gazeti au ya kalenda. Chapa ya ubao haina vidoti. Rangi imelala bapa, wakati mwingine ikiwa na nyuzi za mbao ndani yake, na mistari myeusi imedidimia kidogo kwenye karatasi, unaweza kuihisi.

(Wajapani na nguo zetu si wageni. Kanga nyingi za karne iliyopita zilizovaliwa kutoka Lamu mpaka huku Buyenzi zilichapwa Japani kwa oda ya wafanyabiashara wa pwani. Sanduku la nyanya yako lichunguze kabla hujapanda ndege kutafuta vya Kijapani.)

Kwa ufupi, mpaka hapa

Picha ya ukiyo-e haikuwa na mchoro wa asili uliobaki. Ya asili ni kila karatasi iliyotoka kwenye mbao za kwanza, wakati wake. Ilichapwa kwa mkono, na mgongo wake unashuhudia. Vidoti na mgongo mweupe maana yake ni mashine.

Ya kwanza, ya mwisho, na ya jana

Sasa tuingie penye miba. Mgongo wenye rangi unakuambia picha ilichapwa kwa mkono. Haukuambii lini.

Mbao huchakaa. Karatasi za kwanza zina mistari mikali kama wembe. Baada ya maelfu, mistari myembamba inakatika, kona zinavimba. Katika wimbi la Hokusai, wataalamu hutazama kile kisanduku chenye jina la picha: kwenye zilizochelewa mistari yake imeachana. Tofauti ya bei kati ya iliyowahi na iliyochelewa inaweza kuwa ya nyumba na baiskeli, ingawa zote mbili ni halali.

Halafu kuna zilizochongwa upya. Mbao zilipokufa au kuungua, picha zilizopendwa zilichongewa mbao mpya, na kazi hiyo inaendelea Tokyo hadi leo kwa mikono mizuri ajabu. Mimi sizidharau. Zina mgongo, zina mikwaruzo ya baren, na anayezinunua kama kazi ya karne ya 20 au ya 21 hajaibiwa. Anayeibiwa ni anayeuziwa kama ya 1832. Tena kuna aina nyingine isiyo kopi ya chochote: kuanzia miaka ya 1910 mchapishaji Watanabe Shozaburo aliwakusanya wachoraji, wachongaji na wachapaji watoe picha mpya kwa njia ile ya zamani. Kawase Hasui, mchoraji wa mvua na theluji, ni wa kundi hilo. Mbao za duka la Watanabe ziliungua katika tetemeko kubwa la mwaka 1923, kwa hiyo karatasi za kabla ya hapo hutafutwa sana.

Kinachosaidia kujua tarehe ni mihuri. Tangu 1790 serikali ya Edo ilidai kila picha ipite kwa mkaguzi kabla ya kuuzwa, na alama ya kupita ikachongwa kwenye ubao wenyewe. Sura ya muhuri ilibadilika kadiri sheria zilivyobadilika. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1850 mihuri mingi inataja mwezi na mnyama wa mwaka: panya, ng'ombe, chui-milia, sungura, joka na kuendelea, kumi na wawili kwa zamu. Udhibiti uliowaudhi wachoraji wa zamani umekuwa zawadi kwa wakusanyaji. Kwenye karatasi yangu, kando ya sahihi isomekayo Toyokuni, jina ambalo Kunisada alilirithi kwa mwalimu wake, kuna kiduara chenye joka na namba ya mwezi wa nane. Joka katika zamu hiyo ni 1856. Sijui Kijapani; nilikaa jioni mbili na orodha ya alama, kama mtoto anayejifunza alifabeti, na nilipolipata joka nilipiga kelele mpaka jirani akaja ukutani kuuliza kuna nini.

Ukiwa Bujumbura, karatasi utainunua kwa simu au kupitia ndugu aliye nje. Muuzaji atakutumia picha nzuri ya mbele. Wewe mwombe hizi:

- Picha ya mgongo, iliyopigwa kwenye mwanga wa dirisha.
- Picha ya karibu ya muhuri na sahihi.
- Kingo zote nne, zikiwa nje ya fremu. Fremu huficha mengi.
- Jibu la swali hili: ni karatasi moja kamili, au ni sehemu ya picha ya karatasi tatu? Picha nyingi ziliunganishwa tatu tatu, na wafanyabiashara wamezitenganisha kama mtu aliyekata doti ya kanga akauza kila upande peke yake.

Akikataa kutuma ya mgongo, muage kwa heshima.

Jua la ziwani

Hapa nina kosa la kukiri, na ni langu mwenyewe. Niliporudi na karatasi yangu niliitia kwenye fremu ya kioo nikaitundika sebuleni, ukuta unaotazama magharibi, upande wa ziwa. Pale jua la saa kumi linaingia likiwa limeshapiga maji ya Tanganyika, linawaka mara mbili. Mkanda wa mwigizaji ulikuwa zambarau. Baada ya misimu mitatu ulikuwa rangi ya majivu.

Rangi nyingi za zamani zilitoka kwenye mimea. Nyekundu ya ua la kartamu na buluu ya ua moja dogo la porini haziwezi jua hata kidogo, na zambarau iliyotokana na kuzichanganya ndiyo hutangulia kufa. Buluu iliyoletwa kutoka Ulaya, ile Hokusai aliyoitumia kwa wimbi lake na Wajapani wakaiita kwa jina la Berlin, ni sugu zaidi. Ndiyo maana picha nyingi za kale leo zinaonekana kama dunia ya Japani ilikuwa na buluu tupu. Ilikuwa na waridi na zambarau pia, zimetoroka.

Unyevu ni adui wa pili. Kuanzia mvua za Oktoba mpaka Mei karatasi inavuta maji hewani, inaota madoa ya kahawia, na mende wanaupenda ule wanga wa mchele kama sisi tunavyoupenda ugali. Yangu sasa inakaa kwenye jalada la karatasi ya pamba, ndani ya sanduku, juu ya kabati na mbali na ukuta wa nje. Kiangazi kikiingia, mwezi wa sita, naitoa siku moja ipate hewa kivulini. Usiibandike kwa skochi. Na kwa jina la Mungu, usiipeleke kwa wale vijana wa fotokopi wakuwekee plastiki. Nimeuona mgongo wa cheti cha ubatizo cha baba yangu ukipotea hivyo milele.

Ukingo

Mwaka jana nilimpelekea yule mama wa Buyenzi karatasi yenyewe. Nilitaka ajue kazi aliyoifanya bila kujua. Alifuta mikono kwenye kitenge alichojifunga, akaipokea kwa ncha za vidole, akamtazama mwigizaji, akacheka.

"Huyu ana deni la mtu."

Kisha, bila mimi kusema, akaigeuza. Akapitisha kidole gumba hewani juu ya mgongo, bila kugusa, akaitikia kwa kichwa. Akaigeuza tena mbele, akaisogeza machoni, na sasa hakuwa anamtazama mwigizaji tena. Alikuwa anafuata ukingo, upande wa kulia, mpaka chini.

"Hii imechapwa kwa mkono," alisema. "Lakini baba, mbona wameikata?"

Nilikuwa nimekaa nayo miaka minne sijaona. Karatasi kamili ya kipimo hicho huwa na karibu sentimita 26 kwa 38. Upande wa kulia na chini, mtu wa zamani alipitisha wembe ili iingie kwenye fremu yake, na wembe ukachukua nusu ya alama ya mchapishaji.